Mashua inayodumu hutofautiana wapi na inayovuja mapema?

Miaka michache iliyopita tulipanda mashua kutoka Pangani kwenda kisiwa cha Maziwe kurekodi kipindi. Rangi ya buluu ilikuwa inang'aa na tanga lilikuwa jipya. Lakini tangu tulipotweka hadi tulipofika, baharia mmoja alikuwa na kazi moja tu: kufua maji kwa kopo. Tulirudi salama, ila msikilizaji, safari nzima macho yetu yalikuwa kwenye lile kopo.

Tangu siku hiyo, tukipita Sahare au Kigombe na kukuta fundi anagonga mbao, hatupiti bila kuuliza. Tulichojifunza ni kwamba uhai wa chombo hauko kwenye unene wa ubao. Uko pale vipande vinaposhikana.

Chini kabisa kuna mkuku, gogo refu linalobeba chombo chote. Juu yake husimama fashini, mbele na nyuma, halafu yapo mataruma, ambayo ndiyo mbavu. Kwa taruma fundi mzuri hatafuti mti ulionyooka. Anatafuta tawi lililopinda lenyewe, kwa sababu nyuzi za mti zinafuata lile pindo. Ukichonga pindo kutoka kwenye ubao ulionyooka, nyuzi zinakatwa njiani, na mawimbi ya kusi yakianza kupiga, taruma litapasuka hapo hapo.

Kwa mbao za ubavuni, wazee husifu mvule na mtiki. Mtiki tunao jirani, kwenye shamba la miti la Longuza wilayani Muheza, nao una mafuta yake yanayosaidia kuzuia kuoza. Tatizo ni bei. Kwa hiyo wengi huchanganya mbao, na hilo si kosa, mradi mbao ngumu ziwekwe chini, zinakokaa majini muda wote.

Sasa tuje kwenye msumari, maana hapa ndipo vyombo vingi hufia. Msumari wa chuma cha kawaida ukikutana na maji ya chumvi hushika kutu, na kutu huvimba. Ikivimba hupasua ubao, na ile kutu yenyewe hulainisha mti unaouzunguka msumari. Baada ya miaka kadhaa ubao unaonekana mzima, lakini kila tundu la msumari limelegea. Misumari iliyopakwa zinki hudumu zaidi. Ni ghali, tunajua, lakini ukiwa na fedha kidogo ya kuongeza, iongeze hapo kabla ya kwenye rangi. (Mababu walilikwepa tatizo hili kabisa: mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja.)

Kati ya ubao na ubao hupigwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwenye mwanya. Chombo kikiingia majini, mbao na pamba huvimba pamoja na kuziba. Ndiyo sababu mashua iliyokaa juani wiki kadhaa huvuja siku ya kwanza, kisha hutulia. Ikiendelea kuvuja siku ya nne, hiyo si kiu ya mbao tena. Mtafute fundi.

Jambo lililotushangaza ni kuhusu mvua. Maji ya bahari huchelewesha kuoza. Maji ya mvua ndiyo yanayoozesha. Mashua iliyopandishwa pwani wakati wa masika bila kufunikwa, maji yakatuama ndani, inaweza kuharibika kuliko iliyokuwa ikivua kila siku. Ifunike kwa turubai, na uache hewa ipite.

Baharini adui ni funza wanaotoboa mbao. Dawa ya zamani bado inafanya kazi: chombo hupandishwa, hupitishiwa moto wa makuti makavu chini ili kuwaua, kisha hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa.

Wapo watakaosema zama za mbao zimepita. Kweli, Serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za faiba, na mwaka 2018 wenzetu wa Lamu waliunda jahazi la plastiki iliyookotwa, Flipflopi, ambalo mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Lakini vijiji vingi vya pwani yetu bado vinategemea mbao.

Ukitaka kununua mashua iliyotumika, usiikague ikiwa inaelea. Subiri bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yakupwe iwe mchangani. Chukua kisu, bonyeza ncha kwenye ubao wa kwanza ulioshikana na mkuku na penye miguu ya mataruma. Ncha ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, mbao zimeoza. Gonga kwa nyundo pia: mti mzima hulia, uliooza hutoa sauti nzito. Muuzaji akikukataza kukwaruza rangi yake, nenda kaangalie mashua nyingine.