Safari ya Kuwatazama Ndovu

Aliyejaaliwa akiba na awapeleke watoto wake Tarangire kuwatazama ndovu. (Bara huwaita tembo, kwetu tembo hunywewa, wala si halali.) Wakati wake ni Juni hadi Oktoba, maji ya mto yanapopungua nao wakafukua mchanga wapate kunywa. Lakini karafuu nazo hazingoji. Basi afadhali Juni.

Kundi huongozwa na jike mzee. Mimba ya ndovu ni miezi 22, hivyo wanaouawa hawafidiki upesi. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa nao zaidi ya laki 1. Mwaka 2014 walibaki 43,000 hivi, kwa ujangili. Karne ya 19 pembe zilipita Unguja, nasi tusijifanye wageni wa habari hiyo.

Mkifika, msishuke garini ovyo, wala msimsogelee jike mwenye mtoto.