Matairi Mapana ya Mbele na Madigadi Yanayokwaruzwa



Tulikuwa safarini kutoka Louisville kwenda Columbus kuhudhuria walima, mwendo wa maili takriban 210 kwa njia ya I-71. Gari lilikuwa Toyota Camry ya mwaka 2009, mali ya mtoto wa ndugu yangu, na ndani yake tulikuwa watu watano, gunia la mchele na masufuria mawili makubwa. Tulipokata kona kuingia kituo cha mafuta, gurudumu la mbele likatoa sauti kama ya msumeno mkavu.

"Ami, ni bodi tu inalia," kijana alisema.

"Bodi hailii ikatoa harufu ya mpira, baba," nilimjibu.

Tukaegesha, nikainama na kumulika kwa kurunzi. Plastiki ya ndani ya madigadi ilikuwa imekwaruzwa hadi kutoboka, na bega la tairi lilikuwa limechunwa kwa urefu wa kiganja. Kwa tairi linalokwenda maili 70 kwa saa, likiwa limebeba mama na watoto, jambo hilo si la kupuuzwa. Bega na ubavu ndipo mahali tairi linapojikunja kila linapozunguka, na nyuzi zikishaguswa hapo hakuna kiraka kinachofaa.

Kumbe kijana alikuwa ameuziwa matairi mawili yaliyotumika, mapana kuliko ya asili, akaambiwa kwamba yatashika barabara vizuri zaidi. Fundi aliyeyafunga aliinua gari kwa jeki, akazungusha usukani kulia na kushoto, hakusikia kitu, akapokea fedha yake. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Gari likiwa juu ya jeki, springi hujinyoosha na gurudumu huning'inia chini, mbali kabisa na madigadi. Mguso hutokea gari likiwa chini, limepakia, usukani umekatwa hadi mwisho, na gurudumu linapopanda tuta.

Tuzitazame namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, kwani ndizo zenye siri yote. Camry ya miaka ile ya daraja la LE ilitoka kiwandani na tairi la 215/60R16. Namba 215 ni upana kwa milimita. 60 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, kimo cha tairi zima ni milimita 664. Kijana alikuwa amefungiwa 235/60R16. Macho ya wengi huona kwamba upana umeongezeka kwa milimita 20 na kwamba 60 imebaki ile ile, kwa hiyo wakadhani kimo hakikubadilika. Lakini asilimia 60 ya 235 si sawa na asilimia 60 ya 215! Tairi lile lina kimo cha milimita 688, ziada ya 24. Maana yake, sehemu ya juu ya tairi imesogea milimita 12 karibu zaidi na madigadi na kikombe cha springi, na kila upande umetanuka takriban milimita 10. Hata mshale wa mwendo hudanganya: ukionyesha 65, gari huenda zaidi ya 67.

Anayetaka upana bila kuongeza kimo hana budi kushusha asilimia. Tairi la 235/55R16 lina kimo cha milimita 665, karibu sawa na lile la asili. Hata hivyo milimita 10 za kila upande zinabaki pale pale, na kwa upande wa ndani huenda zikakutana na shokamzoba. Kwa maoni yangu, mwenye gari la familia akiona lazima apanue basi asivuke hatua moja, yaani kutoka 215 hadi 225, na ahakikishe kwamba rimu yake inaruhusu upana huo. Tairi pana likivalishwa rimu nyembamba hutuna ubavuni na kuyumba konani.

Rimu nayo ina fitina yake. Kila rimu ina kipimo kiitwacho ofseti, yaani umbali baina ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaofungwa kwenye habu. Ofseti ikipungua, gurudumu husogea nje kuelekea ukingo wa madigadi; ikizidi, husogea ndani kuelekea shokamzoba. Chukua mfano: ukitoa rimu ya upana wa inchi 6.5 yenye ofseti ya 45, ukaweka ya inchi 7.5 yenye ofseti ya 35, ukingo wa nje utasogea karibu milimita 23, hata kabla hujabadilisha tairi. Vijana wanaopenda rimu za kumetameta wapige hesabu hii dukani, kabla ya kufungua pochi.

Wapo wanaoshauri kukunja ukingo wa madigadi kwa nyundo au mashine. Louisville pengine utasalimika. Buffalo, ambako barabara humwagiwa chumvi kila majira ya baridi, rangi ikipasuka kidogo tu pale ukingoni, kutu itakula bati upesi.

Na kwa kuwa nimeitaja Buffalo, watu wa huko wana sababu ya pili ya kuogopa matairi mapana. Kwenye theluji tairi jembamba hukata na kufika chini, lakini pana hupanda juu na kuteleza. Tena theluji huganda ndani ya madigadi ikawa barafu ngumu, na ile nafasi uliyoipima mwezi wa Julai hutaikuta Januari. Tufani ya Desemba 2022 iliua watu zaidi ya 40 katika wilaya ya Erie, na baadhi yao walikutwa ndani ya magari yao. Kadhalika, katika jimbo la New York gari hukaguliwa kila mwaka, na tairi lililochunika hadi kuonyesha nyuzi halipiti. Kentucky na Ohio hazina ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari ya kawaida ya watu binafsi, kwa hiyo huko mkaguzi ni wewe mwenyewe.

Jambo jingine ni kupanua ya mbele peke yake. Limewahi kufanywa na wenye ujuzi: Audi ilipotoa RS 3 mwaka 2011 iliweka tairi la 235 mbele na 225 nyuma. Lakini waliunda madigadi mapya ya mbele, mapana, na gari zima likapangwa upya kwa ajili hiyo. Sisi tukiiga kwa matairi ya mitumba, mbele hushika na nyuma huteleza, hasa mvuani. Na kwa gari linalosukuma magurudumu yote manne, kama Subaru nyingi, tofauti ya kimo huchosha gia hadi kuziharibu.

Ikiwa umekwisha nunua, jaribu hivi. Chukua udongo wa kuchezea watoto, ubandike vidonge ndani ya madigadi, ukingoni, na mahali palipo karibu na shokamzoba, gari likiwa limesimama. Pakia watu wazima wanne. Nenda polepole uwanjani, usukani umekatwa hadi mwisho, kulia kisha kushoto, mbele kisha nyuma, halafu panda tuta dogo. Zima gari, utazame vidonge vilivyobonyea. Kilichobaki bila kubonyea ndiyo nafasi yako. Kikiwa chembamba kuliko kidole chako kidogo, rudisha matairi.

Yale ya kijana hatukuyajaribu. Tulipofika Columbus, polepole na bila kukata kona kali, alinunua manne ya 215/60R16, kama yalivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Nikamwonyesha tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Yale mapana yalikuwa na umri wa miaka tisa. Springi za mbele nazo zilikutwa zimelala kwa uzee, zikabadilishwa wiki iliyofuata. Nati zilikazwa kwa spana yenye kipimo, futi-ratili 76, na tulipofika Louisville zikakazwa tena, kwani gurudumu lililofungwa upya hupaswa kuangaliwa baada ya maili 50 hadi 100.