Mtazamaji Awe Shahidi: Kinachoifanya Filamu ya Vita Kuwa Kazi Bora

Filamu za vita zina watazamaji wengi duniani kote, na mara nyingi ubora wake hupimwa kwa ukubwa wa milipuko, wingi wa askari waliopangwa mbele ya kamera na fedha zilizotumika kuzitengeneza. Kipimo hicho kina udhaifu mkubwa, kwa sababu vishindo vya mabomu hulewesha, na mtazamaji aliyeleweshwa huanza kushangilia upande mmoja kama aliyekaa uwanjani kutazama mpira, akasahau kwamba kila anayeanguka alikuwa mtu mwenye jina na jamaa. Filamu ya vita hustahili kuitwa kazi bora, yaani kazi ya sanaa inayodumu na kuwa kigezo cha kuzipimia nyingine, pale mbinu zake zote, kuanzia mahali inapowekwa kamera hadi sauti, muziki na mpangilio wa matukio, zinapomtoa mtazamaji katika ushangiliaji na kumfanya shahidi wa gharama ya vita. Filamu tatu, zilizotengenezwa na watu wa mataifa tofauti, zinaonesha jinsi jambo hilo linavyofanyika.

Ya kwanza ni La battaglia di Algeri, yaani Mapambano ya Algiers, iliyoongozwa na Mwitalia Gillo Pontecorvo na kutolewa mwaka 1966, miaka minne baada ya Aljeria kupata uhuru. Filamu hiyo inasimulia mapambano ya mwaka 1956 na 1957 baina ya wapiganaji wa chama cha ukombozi cha FLN na askari wa miavuli wa Ufaransa katika vichochoro vya Casbah, mji mkongwe wa Algiers. Pontecorvo na mpiga picha wake, Marcello Gatti, waliipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa picha zenye chembechembe zinazofanana na zile za sinema za habari zilizokuwa zikioneshwa katika majumba ya sinema ya enzi hizo, ingawa hakuna hata kipande kimoja cha sinema halisi ya habari kilichotumika. Waigizaji wake karibu wote walikuwa watu wa kawaida wasio na taaluma ya uigizaji, na Saadi Yacef, aliyekuwa kamanda wa FLN mjini humo, alikuwa mmoja wa watayarishaji, akaigiza pia nafasi iliyotokana na maisha yake mwenyewe.

Hata hivyo, kufanana na uhalisia peke yake kusingeipa filamu hiyo hadhi iliyo nayo. Pontecorvo yuko wazi upande wa waliotawaliwa, na anaonesha bila kificho mateso waliyopewa mateka wa Kialjeria, lakini wanawake watatu wa FLN wanapopita vizuizi vya askari na kutega mabomu katika maeneo ya starehe ya Wazungu, kamera haikimbilii mlipuko, bali inatulia kwanza juu ya nyuso za watakaokufa, akiwemo mtoto mdogo anayekula aiskrimu. Muziki wa maombolezo unaosikika maiti za Waaljeria zinapofukuliwa katika vifusi vya Casbah ndio ule ule unaosikika juu ya maiti za Wazungu. Kwa njia hiyo filamu inachagua upande wa haki na wakati huohuo inakataa kuficha gharama iliyolipwa na watu wa pande zote mbili, na huo ndio uadilifu unaoitenganisha kazi ya sanaa na propaganda.

Filamu ya pili inafikia lengo hilo kwa kutumia mtazamo, maana yake nafasi ambamo mtazamaji huwekwa ili aone na kusikia matukio kupitia mhusika fulani. Idi i smotri, yaani Njoo Uone, iliongozwa na Elem Klimov katika Umoja wa Kisovieti na kutolewa mwaka 1985, na hati yake, yaani andiko linalopanga matukio na mazungumzo, aliiandika pamoja na Ales Adamovich, ambaye katika ujana wake alipigana msituni dhidi ya Wajerumani waliokuwa wameikalia Belarusi. Mhusika wake mkuu ni Flyora, kijana anayejiunga na wapiganaji wa msituni mwaka 1943 akiwa na furaha ya mtu anayekwenda kupata heshima. Mabomu yanapoanguka karibu naye masikio yake huziba, na kuanzia hapo mtazamaji naye husikia mlio mwembamba usiokwisha na sauti za watu zinazotoka mbali, hata uziwi wa kijana ukawa wake. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia, na Klimov ameielekeza kamera yake kwenye nyasi: wanakijiji wanasukumwa ndani ya jengo la mbao na kuchomwa moto, na uso wa Flyora, ambao mwanzoni ulikuwa wa mtoto, unafikia mwisho ukiwa na makunyanzi ya mzee. Maandishi ya mwishoni yanaeleza kwamba vijiji 628 vya Belarusi viliteketezwa pamoja na wakazi wake wote, na baada ya kuyapitia yaliyotangulia, mtazamaji hawezi kuisoma idadi hiyo kama takwimu tupu.

Filamu ya tatu inathibitisha kwamba kazi bora ya vita haihitaji uwanja wa mapambano hata kidogo. Camp de Thiaroye, iliyoongozwa na Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow wa Senegali mwaka 1988, inahusu askari wa Kiafrika walioipigania Ufaransa, wakatekwa na Wajerumani, kisha wakarudishwa nyumbani na kuwekwa katika kambi ya Thiaroye, nje kidogo ya Dakar, wakingoja malipo yao. Maofisa wanapotaka kuwabadilishia fedha kwa nusu ya thamani yake, askari hao wanagoma, na tarehe 1 Desemba 1944 jeshi la Ufaransa linawafyatulia risasi. Jeshi lilitangaza vifo 35, idadi ambayo wanahistoria wengi wanaiona kuwa ndogo mno, na mwaka 2024 ndipo Rais Emmanuel Macron alipokiri kwamba yalikuwa mauaji ya umati. Sembène, ambaye naye alilitumikia jeshi la Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili, anatumia sehemu kubwa ya filamu kuonesha chakula kibovu, kejeli za maofisa na mazungumzo ya askari, ili dhuluma ionekane ikijengwa hatua kwa hatua. Askari aitwaye Pays, aliyepoteza usemi kutokana na mateso ya kambi ya Wanazi ya Buchenwald, ndiye anayeviona vifaru vikija, naye haaminiwi na wenzake. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuitazama kwa makini, kwa kuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika nao walipelekwa mbali hadi Burma kupigania dola iliyowatawala.

Ufundi bila uadilifu, kwa upande mwingine, unaweza kuwa hatari. The Birth of a Nation, iliyoongozwa na D. W. Griffith mwaka 1915 kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na miaka iliyofuata, ilivutia sana kwa upigaji picha na uhariri wake, yaani namna ya kuunganisha vipande vya picha, lakini iliwatukuza wauaji wa kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan na kuwadhalilisha watu weusi, na ilichangia kufufuka kwa kundi hilo mwaka huohuo.

Anayetaka kuipima filamu ya vita, basi, na aangalie ni nani waliopewa uso na sauti, ni nani walioachwa wawe shabaha za risasi tu, na kama vifo vya pande zote vimepewa uzito wa uhai wa binadamu. Filamu inayoshindwa katika kipimo hicho, hata ikiwa imegharimu mamilioni na kujaza majumba ya sinema, inabaki kuwa burudani ya milipuko, wala haistahili kuitwa kazi bora.