Je, Wajua? Chumvi Husafiri Ndani ya Mwamba Uliotulia

Je, wajua kwamba chumvi inaweza kupenya mwamba ilhali maji yaliyomo ndani yake yametulia tuli? Jiwe, hata lile gumu na kavu kwa kulitazama, mara nyingi lina vitundu vidogo mno, na kule chini ya ardhi vitundu hivyo hujaa maji. Ndani ya maji hayo chembe za chumvi hazipumziki: joto huzisukuma huku na huko bila mwelekeo maalumu. Lakini mahali penye chembe nyingi ndipo zinapoondoka nyingi, na penye chache huondoka chache, kwa hiyo chumvi huishia kuhama kutoka ilikojaa kwenda iliko haba. Hakuna mkondo unaoibeba.

Tusichanganye mambo, hata hivyo. Kisima cha pwani kikivutwa sana kwa pampu hadi maji yake yakawa ya chumvi, hapo maji ya bahari yenyewe ndiyo yamesogea. Safari tunayoizungumzia hapa ni ya chumvi peke yake, nayo ni ya polepole mno.

Aliyeiwekea safari hiyo kanuni hakuwa mtaalamu wa miamba. Adolf Fick alikuwa Mjerumani aliyesomea udaktari na kuchunguza kazi za mwili wa binadamu. Mwaka 1855, akiwa Zürich, Uswisi, na bado hajatimiza miaka 30, alichapisha kanuni yake: kadiri tofauti ya chumvi kati ya sehemu mbili inavyokuwa kali, ndivyo chumvi inavyohama kwa kasi. Aliijaribu kwa mirija iliyosimama wima, chumvi ikiwa chini na maji matamu juu. Kanuni hiyo ingali inatumika hadi leo, kuanzia maabara za tiba hadi migodini.

Jambo la ajabu zaidi katika kanuni hiyo ni namna inavyohesabu muda. Mtu aliyefungwa kitambaa machoni na kuachwa uwanjani, akipiga hatua kila upande bila kujua aendako, hatafika mbali hata akitembea kutwa, kwa sababu nyingi za hatua zake zinafutana. Chembe ya chumvi ndivyo ilivyo. Ukiongeza umbali mara mbili, muda huongezeka mara nne. Ukiongeza umbali mara kumi, muda huongezeka mara mia. Katika maji matupu yasiyotikiswa kabisa, chumvi huhitaji takriban saa tisa kusogea sentimita 1. Kwa sentimita 10 huhitaji zaidi ya mwezi. Kwa mita 1, miaka kama 10! Na hayo ni maji tu. Ndani ya mwamba, chembe hupita katika vijia vyembamba vinavyopindapinda, vingine vikiishia ukutani, na safari huzidi kurefuka.

Je, wajua kwamba Waswisi wanautegemea uvivu huo wa chumvi kuwalinda watu watakaozaliwa maelfu ya miaka ijayo? Tangu 1996, wanasayansi wamekuwa wakifanya utafiti katika maabara ya Mont Terri, ndani ya mlima karibu na mji wa St-Ursanne, kwenye njia zilizochimbwa pembeni mwa handaki la barabara kuu. Mwamba wanaouchunguza ni udongo wa mfinyanzi uliogandamana, uliotuama chini ya bahari miaka ipatayo milioni 174 iliyopita. Maji hayapiti humo kwa kasi yoyote ya maana. Kwa hiyo chochote kitakachotoka katika taka za nyuklia zitakazozikwa kwenye mwamba wa aina hiyo kitalazimika kusambaa chembe kwa chembe, kama chumvi.

Watafiti hutoboa shimo, hulijaza maji yenye chembe za alama, huliacha kwa miezi au miaka, kisha hukata mwamba unaolizunguka na kuuchanja vipande vyembamba wapime kila chembe ilifika wapi. Wamegundua kwamba chembe hazisafiri sawa. Kuta za vitundu vya mfinyanzi zina chaji hasi, hivyo kloridi, ambayo nayo ina chaji hasi, husukumwa mbali na kuta na kubakiwa na nafasi ndogo ya kupita. Sodiamu huvutwa kidogo na kuta. Sizi, ambayo ni mojawapo ya sumu za taka za nyuklia, hunaswa kwa nguvu na kubaki karibu na ilipoanzia.

Lakini ushahidi unaonisadikisha zaidi haukutoka katika jaribio lolote la binadamu. Mfinyanzi huo bado una chumvi ya bahari ya kale! Ndani kabisa ya tabaka lake, lenye unene wa zaidi ya mita 100, maji ya vitunduni yana chumvi nyingi; ukisogea juu au chini, kuelekea miamba ya chokaa inayopitisha maji matamu, chumvi hupungua hatua kwa hatua, kama kanuni ya Fick inavyotaka. Mamilioni ya miaka yamepita na chumvi haijamaliza kutoka. Jaribio la mwaka mmoja laweza kubishiwa, ila hili la mamilioni ya miaka ni gumu kulibishia.

Bahari yetu ya Hindi nayo ina kisa chake. Meli ya utafiti ilipotoboa miamba ya chokaa chini ya bahari kwenye visiwa vya Maldives, wanasayansi waliikamua miamba hiyo kwa mashine na kupata maji yenye chumvi kuliko ya bahari ya leo. Mwaka 2019 Clara Blättler wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walieleza kwamba hayo ni mabaki ya bahari ya Enzi ya Barafu, miaka ipatayo 20,000 iliyopita. Wakati huo maji mengi yalikuwa yamefungwa katika barafu nchi kavu, usawa wa bahari ukiwa chini kwa takriban mita 120, na chumvi ikabaki ndani ya maji machache zaidi. Kwa kuwa chumvi husambaa polepole, bahari ile haijafutika yote mwambani.

Na mwamba mwingine wenye vitundu uko nyumbani kwako: zege. Ukali wa saruji huizungushia nondo utando mwembamba unaoizuia kutu. Kloridi kutoka upepo na maji ya bahari husambaa ndani ya zege, na ikifika kwenye nondo huuvunja utando huo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo zege hupasuka na kubanduka. Wakazi wa Mombasa, Tanga na Unguja wanazijua nyufa hizo za rangi ya kahawia kwenye roshani na nguzo.

Hapa kanuni ya Fick inaweza kukuokolea nyumba. Zege linalofunika nondo likiongezwa unene kutoka sentimita 2 hadi 4, chumvi itahitaji karibu mara nne ya muda kuifikia. Mchanga wa ufukweni usiooshwa na maji ya bahari havifai kabisa kuchanganyia zege la nondo, maana huko ni kuiweka chumvi ndani mwenyewe. Ukijenga karibu na bahari, mwambie fundi anyanyue nondo vya kutosha kutoka kwenye mbao, alimwagilie zege maji matamu kwa siku kadhaa ili vitundu vipungue, nawe upime nafasi iliyoachwa kati ya nondo na mbao kwa rula kabla zege halijamwagwa.