Siku 26 Bila Jiko

Katika msimu wa maembe uliopita nilikaa siku 26 nisile kitu kilichopita motoni. Sikufanya hivyo kwa nadhiri wala kwa ukata, bali kwa sababu tumbo langu, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likijaa upepo kila baada ya chakula cha jioni hata nikalazimika kulegeza mshipi mbele ya wageni, lilikuwa limenichosha. Na rafiki yangu mmoja, mtu msomi mwenye siha ya kuonewa kijicho, akaniapia kwamba maradhi yote ya tumbo asili yake ni moto, kwa kuwa moto huua uhai uliomo katika chakula. Shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye jiko nyumbani kwetu Tanga, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na kisamvu je, mwanangu, utakila kibichi?" Nikacheka, nisijue kwamba swali lile lilikuwa na elimu kuliko hotuba yangu nzima.

Rai ya kuacha moto haikuzaliwa jana. Mwishoni mwa karne ya 19 tabibu mmoja wa Uswisi, Maximilian Bircher-Benner, alianza kuwalisha wagonjwa wake matunda na mboga mbichi, kwa itikadi kwamba mmea huhifadhi nguvu ya jua na kwamba kuupika ni kuipoteza nguvu hiyo. Na ijapokuwa matabibu wenzake wa Zürich walimbeza, mwaka 1904 alifungua katika kilima cha mji huo nyumba ya tiba iliyokuja kuwa mashuhuri. Chakula alichowaachia walimwengu, muesli, asili yake kilikuwa tufaha lililoparuzwa na kuchanganywa na oti zilizolowekwa, maji ya ndimu, lozi, na maziwa mazito ya kopo, ambayo, kwa taarifa ya rafiki yangu, yalikwisha kuonja moto kiwandani. Wafuasi wa leo ni wakali kuliko sheikh wao: aghalabu huweka mpaka wa joto kati ya nyuzi 40 na 48, na chochote kilichovuka hapo huhesabiwa maiti, hukumu ambayo sijui ingemfanya nini muuza maembe aliyesahau bidhaa yake juu ya bati la Tanga saa saba mchana.

Insafu yataka tuwape haki yao. Vitamini C huharibika kwa joto na humwagwa pamoja na maji ya kuchemshia, na mtu aachaye maandazi, vibanzi na soda ili ale mapapai na matango hapana shaka atapungua uzito, ingawa sifa hiyo si ya ubichi wa kilicholiwa bali ni ya kilichoachwa. Hoja yao kubwa, hata hivyo, ni ya vimeng'enya, zile protini ziharakishazo kazi za kikemia ndani ya kiumbe hai. Wao hudai kwamba vimeng'enya vya mmea, visipouawa na moto, humsaidia mlaji kumeng'enya chakula chake. Waama vimeng'enya hufa kwa joto, lakini hata visipopikwa, tindikali ya tumbo huvivunja vingi vyao kama ivunjavyo protini nyingine, na kazi yenyewe hufanywa na vimeng'enya vya mwili wetu, vitokavyo katika mate, tumboni, katika kongosho na katika kuta za utumbo mwembamba.

Na hapo ndipo swali la shangazi linapopata uzito, kwa kuwa katika muhogo kimeng'enya cha mmea hufanya kazi kweli, tena kazi ambayo hapana mtu angependa itendeke tumboni mwake. Jani la muhogo lina kitu kiitwacho linamarini, kilichowekwa mahali pake ndani ya jani, na mbali nacho kidogo, kikitengwa na ukuta mwembamba, pana kimeng'enya chake. Jani likitafunwa au kupondwa kuta huvunjika, viwili hivyo hukutana, na matokeo ya mkutano wao ni sayanidi, sumu inayouzuia mwili kuitumia hewa uivutayo. Nimekaa nikamtazama shangazi akitwanga kisamvu: hutwanga na kutwanga mpaka majani yawe rojo la kijani lenye kung'ang'ania mchi, harufu yake kali ikajaa uani, ndipo akitie sufuriani kichemke kwa muda mrefu kabla hakijaona tui la nazi. Mpango huo hauna kosa hata kidogo, kwani kinu hukipa kimeng'enya nafasi ya kuitoa sumu kifungoni, na sumu hiyo, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 tu, hutoroka pamoja na mvuke. Ilhali lau angalichemsha kwanza majani mazima, moto ungalikiua kimeng'enya mapema na sehemu kubwa ya sumu ingalibaki imefungwa majanini. Muhogo mtamu tunaoutafuna mbichi kwa ndimu na pilipili una sumu kidogo, lakini muhogo mchungu usiotayarishwa vyema, ukiliwa majuma kwa majuma wakati wa njaa, umewalemaza watu miguu kwa maradhi yaitwayo konzo, huko Kongo, Msumbiji, na hata mkoani Mara. Maharage mekundu nayo, manne au matano tu yakiliwa mabichi, yatosha kumtapisha mtu mzima, na dawa yake ni kuyaloweka, kumwaga maji, kisha kuyachemsha kwa moto wa kutokota hasa, maana moto mdogo usiofikia kuchemka huweza kuuzidisha ukali wake.

Waliodumu katika ulaji huu kwa miaka wamechunguzwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, waliwapima zaidi ya watu 500 wa namna hiyo, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 walionyesha kwamba wanawake walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 12, na kwamba takriban asilimia 30 ya wale wa chini ya miaka 45 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au zimekatika kabisa, kama mwili ufanyavyo unapoona akiba yake haitoshi kulea mimba. Katika uchunguzi mwingine wa mwaka 2005, asilimia 38 ya wala vibichi walikuwa na upungufu wa vitamini B12, ambayo haipatikani katika mboga wala matunda, na ambayo ukosefu wake huharibu damu na mishipa ya fahamu.

Mimi sikufika huko. Juma la kwanza nilijiona mwepesi kama sufi, tumbo likatulia, nikamtumia rafiki yangu salamu za shukrani ambazo leo natamani nimnyang'anye. Juma la tatu, maembe na kachumbari vikiwa ndiyo riziki yangu asubuhi na jioni, upepo ukarudi pamoja na jamaa zake wote, na siku ya 26 niliponyanyuka mkekani kizunguzungu kikanirudisha chini. Kosa langu lilikuwa la hesabu. Siku nilipoacha moto niliacha pamoja nao chapati, maharage, chai ya maziwa na mchuzi wa vitunguu, washtakiwa wanne kwa mara moja, kisha nikamtia hatiani wa tano.

Tusemapo kwamba hatupatani na chakula fulani, huwa tunachanganya mambo mawili. La kwanza ni mzio, ambapo kinga ya mwili hukidhania chakula kuwa adui na kutuma kingamwili ziitwazo IgE, zilizogunduliwa mwaka 1966 na mtu na mkewe, Kimishige na Teruko Ishizaka, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Marekani. Hapa tonge moja latosha, midomo ikavimba, ngozi ikatutumka, pumzi ikabana. Moto una kauli yake katika jambo hili, lakini si kauli moja: wako watu Ulaya ambao tufaha bichi huwawasha kinywa ilhali lililopikwa hawalijali, ila protini ya kamba hustahimili sufuria, na asiyepatana na kamba hapati amani kwa kumchemsha. Na jodari aliyecheleweshwa juani huongeza utata, kwani vijidudu hufanyiza histamini katika nyama yake, nayo haiondoki kwa kupikwa, mlaji akaiva uso na kuwashwa, akadhani ana mzio wa samaki maisha yake yote.

La pili ni kutostahimili, nalo ni suala la kiasi. Walimwengu wengi, wakiisha kuvuka utoto, hupungukiwa na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, ingawa miongoni mwa wafugaji wa Tanzania na Kenya wengi hubaki nacho kwa mabadiliko ya urithi yaliyoelezwa na watafiti mwaka 2007; mwenye upungufu huo aghalabu hustahimili mtindi kuliko maziwa yasiyogandishwa. Kadhalika ziko sukari ziitwazo fruktani, zilizomo katika vitunguu, ngano na kunde za namna nyingi, ambazo hakuna mwanadamu awezaye kuzimeng'enya. Hushuka mpaka utumbo mpana, bakteria wakazichachua, na upepo ukazaliwa.

Njia ya kumjua mkosaji haina anasa. Vipimo vya damu vya IgG vinavyouzwa kwa bei kubwa aghalabu huonyesha tu kwamba umepata kukila chakula hicho, na jumuiya za matabibu wa mzio hazivikubali. Ifaayo ni kuviacha vishukiwa kwa majuma machache, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa lishe, kisha kukirudisha kimoja kimoja huku ukiandika. Aliyewahi kuvimba koo au kubanwa pumzi asijaribu hayo nyumbani.

Nilinunua daftari la shule. Maziwa yalirudi salama, maharage yakanung'unika kidogo, chapati moja ikapita na mbili zikakataa. Kisha, Alhamisi moja, shangazi akanipikia mchuzi wa kitunguu kama zamani, na kabla ya adhana ya isha tumbo lilikuwa limewambwa kama ngoma. Fruktani huyeyuka katika maji, hivyo hujaa mchuzini, lakini haziyeyuki katika mafuta. Basi sasa shangazi hukaanga vitunguu na thomu katika mafuta mpaka vinukie, akaviopoa vyote kwa mwiko, akatia samaki. Vile vilivyoopolewa hula yeye, na wali, akinitazama.