Beseni la maji kabla ya mchezo

Mwaka jana hapa Uvira saa ya michezo ya darasa langu la tano iliwekwa saa tano na nusu, jua likipiga kichwani. Baadaye tulirudi chini ya mabati kwa hesabu. Msichana mmoja, ambaye asubuhi hugawanya namba bila shida, alikosea hata 7 mara 8. Nilimwita mzembe mbele ya wenzake. Mama yake alipokuja hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mama mwalimu, ulimgusa kichwa?" Sikuwa nimemgusa.

Mwili wenye afya hukaa karibu na digrii 37. Misuli ikifanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu za chakula hugeuka joto. Damu hukimbilia kwenye ngozi kulitoa, na jasho hutoka. Hewa ya nje ikiwa ya moto, joto hubaki ndani. Mtoto huchoka mapema, na akili pia hulegea: kazi nyepesi anaiweza, lakini ile ya kushika mambo matatu kichwani kwa mara moja humponyoka. Kule New York watafiti walilinganisha mitihani ya sekondari na hali ya hewa, wakaona siku za joto kali alama hushuka.

Wakimbiaji wakubwa hupoza mwili kabla ya kuanza, ili joto liwe na nafasi ya kupanda. Mwaka 2004, kwenye marathoni ya wanawake ya Olimpiki kule Athens, jioni ilikuwa na joto la digrii karibu 35. Deena Kastor wa Marekani alivaa kizibao cha barafu kabla ya mbio, akaanza polepole, akamaliza wa tatu, nyuma ya Mizuki Noguchi wa Japani na Catherine Ndereba wa Kenya. Paula Radcliffe wa Uingereza, ambaye wengi walidhani atashinda, aliacha mbio njiani. Sisemi kizibao peke yake ndicho kilileta medali.

Barafu hatuna, na umeme wetu mnaujua. Lakini beseni tunalo. Mtoto akae kivulini, atumbukize mikono hadi viwiko kwa dakika kama kumi. Damu inayopita mikononi hurudi ndani ikiwa imepoa. Wazima moto nao hufanya hivyo wakitoka kwenye moto. Kikwembe kilicholowa shingoni kinapendeza sana, ila kinadanganya: mtoto huhisi amepoa na huku ndani bado anawaka. Basi apumzike vilevile.

Maji ya beseni yasinywewe. Sisi wa Uvira tunaijua kipindupindu. Ya kunywa yawe yamechemshwa au kutiwa dawa.

Mtoto akianza kuyumba, kutapika au kusema maneno yasiyoeleweka, mchezo umekwisha. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mtu akimbie kuita msaada wa kituo cha afya.

Hesabu tumeihamishia asubuhi. Michezo bado iko saa ileile, na beseni halipozi mabati. Darasa langu lina watoto 54 na beseni 2. Mama mwenye beseni asilolitumia, hata lililozibwa tundu, alilete shuleni Jumatatu, pamoja na bidoni kama anayo.