Mgeni njoo, mwenyeji apone: Safari za milimani Ethiopia zinavyoendeshwa

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia, usemi huo si mapambo ya lugha. Huko kuna miji na vijiji ambavyo karo ya watoto, sabuni na mafuta ya taa vilitegemea kwa miaka mingi hatua za mgeni anayepanda mlima au anayeshuka kuingia katika kanisa lililochongwa mwambani. Mgeni alipoacha kuja, mwenyeji hakupona.

Ethiopia, ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi, si nchi ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Waislamu wa pwani huifahamu kupitia simulizi za hijra ya kwanza, pale masahaba walipopewa hifadhi na mfalme Najashi. Wapigania uhuru wa bara hili waliienzi kwa ushindi wa Adwa wa Machi 1, 1896, majeshi ya Mfalme Menelik wa Pili yalipoyashinda majeshi ya Italia. Na katika mji mkuu wake, Addis Ababa, ndiko ulikoundwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1963.

Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu wanaofahamu jinsi safari za kuongozwa katika milima na miji ya kale ya nchi hiyo zinavyoendeshwa, nani hulipwa nini, na kwa nini mgeni hatakiwi kujiendea mwenyewe.

Safari nyingi za kaskazini hupita katika vituo vinavyofahamika. Kuna Gondar, mji ulioanzishwa na Mfalme Fasilides katika karne ya 17, wenye majumba ya mawe yaliyozungushiwa ukuta. Kuna Milima ya Simien, yenye kilele cha Ras Dashen kinachokaribia mita 4,550, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote nchini humo. Kuna Lalibela, yenye makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba. Na kuna Axum, mji wa dola ya kale, ambako mnara wa jiwe uliochukuliwa na Waitaliano katika miaka ya 1930 ulirejeshwa mwaka 2005 na kusimamishwa tena mwaka 2008.

Mlango wa Simien ni mji mdogo wa Debark, takriban kilomita 100 kaskazini mwa Gondar. Hapo ndipo zilipo ofisi za hifadhi. Mgeni hulipa ada ya kuingia, kisha hukabidhiwa mlinzi mwenye bunduki ambaye ni lazima afuatane naye siku zote za matembezi. Mara nyingi mlinzi huyo ni mkulima wa vijiji vya jirani, anayeijua milima kama kiganja cha mkono wake, ingawa huenda asijue lugha nyingine zaidi ya Kiamhari.

Pamoja na mlinzi, msafara huwa na mwongoza wageni, mpishi, na watu wenye nyumbu wa kubebea mizigo. Hapa msomaji aelewe kwamba nyumbu anayetajwa ni yule anayezaliwa na punda na farasi, si yule wa Serengeti. Kazi hugawanywa kwa zamu, ili kila mwenye nyumbu apate siku yake. Kwa hiyo, mgeni mmoja wa siku nne anaweza kuwa ameingiza riziki katika kaya nne au tano bila mwenyewe kujua.

Njia iliyozoeleka huanzia kambi ya Sankaber, huendelea hadi Geech na kuishia Chennek, zote zikiwa juu ya mita 3,000. Humchukua mtu siku tatu au nne. Anayetaka kufika Ras Dashen na kurudi huhitaji kuongeza siku kadhaa. Njiani huonekana makundi makubwa ya gelada, jamii ya nyani wenye alama nyekundu kifuani, ambao chakula chao kikuu ni majani. Mwenye bahati huweza kumwona walia, mbuzi-mwitu asiyepatikana porini mahali pengine popote duniani.

Sharti la kuongozwa lina sababu zake. Ya kwanza ni afya. Hewa ya milimani ni nyembamba, na mtu atokaye Dar es Salaam au Mombasa, ambako nyumba ziko usawa wa bahari, hupata shida anapokimbilia juu. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Dawa ya kwanza ni kusimama, na hali ikizidi, kushuka mara moja. Mwongozaji mzoefu hutambua dalili hizo kabla ya mgeni mwenyewe kuzikubali. Ndiyo maana hata kwetu Kilimanjaro mgeni haruhusiwi kupanda bila mwongozaji.

Sababu ya pili ni kwamba milima hiyo ina wenyewe. Hifadhi ya Simien iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1978, sambamba na makanisa ya Lalibela, katika kundi la kwanza kabisa la maeneo 12. Lakini mwaka 1996 iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, miongoni mwa sababu zikiwa kupungua kwa walia, malisho ya mifugo na kupanuka kwa makazi. Iliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2017, baada ya hatua mbalimbali kuchukuliwa, ikiwamo kuhamishwa kwa wakazi wa kijiji cha Gich, kilichokuwa ndani ya hifadhi, na kupelekwa Debark mwaka 2016.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Familia iliyoacha shamba na malisho ili walia apate nafasi, imelipa gharama ya urithi ambao dunia nzima inausifu. Zamu ya nyumbu, kazi ya ulinzi au kibanda cha chai ni sehemu ndogo ya kile inachoweza kurudishiwa. Mgeni anayekwepa ada na kuleta kila kitu kutoka mjini huwa ameukata mnyororo huo.

Katika Lalibela, mpango ni tofauti kidogo. Mji huo uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,500 na umepewa jina la mfalme aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Makanisa yake hayakujengwa kwa tofali juu ya tofali. Mafundi walianza juu ya mwamba na kuchonga kuelekea chini, wakiacha nguzo, madirisha na paa vikiwa jiwe moja. Bet Giyorgis, lenye umbo la msalaba, limesimama ndani ya shimo, na paa lake liko sawa na ardhi inayolizunguka.

Ada ya kuyaona hulipwa kwa kanisa. Viatu huvuliwa mlangoni, na yupo mtu wa kuvilinda, naye hutarajia bahashishi. Mwongozaji wa hapo si wa kuonyesha njia tu. Kazi yake ni kumweleza mgeni mahali pa kusimama, wakati wa kunyamaza, na kwa nini padri aliyeshika msalaba si kivutio cha kupigwa picha bila ruhusa. Makanisa hayo si makumbusho. Ibada hufanyika humo hadi leo, na usiku wa kuamkia Krismasi yao, Januari 7, mahujaji hujaa kuta na mitaro yote.

Nje ya mji, katika eneo la Meket, wanavijiji walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupokea wageni katika nyumba za msonge walizojenga wao wenyewe. Mgeni hutembea kutoka kijiji hadi kijiji huku punda akibeba mzigo, hula injera na shiro, na jioni huketi kunywa kahawa inayokaangwa na kutwangwa mbele yake. Desturi ni vikombe vitatu, na kuondoka baada ya cha kwanza ni kukosa adabu. Mapato hugawanywa kijijini.

Katika jambo moja, mgeni anayezungumza Kiswahili ana nafuu kuliko Mzungu. Waethiopia huhesabu saa kama sisi: jua likichomoza siku inaanza, na saa moja asubuhi ni saa moja. Mwongozaji akisema tukutane saa mbili, Mswahili haulizi mara mbili. Tahadhari ni kwenye tiketi za ndege, ambazo hufuata saa za kimataifa. Kalenda nayo ni yao: ina miezi 13, na iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, kiasi kwamba milenia mpya waliisherehekea Septemba 2007.

Lakini yote hayo yalitikiswa. Mwaka 2020 ulianza na janga la Uviko-19, na mwezi Novemba vita vikalipuka katika jimbo la Tigray. Mwaka 2021 vilisambaa hadi jimbo la Amhara, vikakaribia Debark, na Lalibela yenyewe ikatekwa mwezi Agosti na kukombolewa Desemba. Mkataba wa amani ulitiwa saini Pretoria, Afrika Kusini, Novemba 2, 2022. Kabla wenyeji hawajavuta pumzi, mwaka 2023 mapigano mengine yalizuka Amhara kati ya jeshi la serikali na wanamgambo wa Fano, na hali ya hatari ikatangazwa mwezi Agosti mwaka huo.

Nyumbu hula hata pasipo mgeni. Mwenye hoteli hulipa kodi hata vyumba vikiwa vitupu. Waongozaji waliotumia miaka kujifunza lugha na historia walilazimika kutafuta vibarua vingine. Makanisa yamebaki yamesimama, kwa kuwa mwamba hauhami, lakini elimu ya kuyaeleza imo vichwani mwa watu, na watu huhama.

Kwa hiyo, msomaji anayefikiria safari hiyo afanye mambo matatu. Kwanza, aulize hali ya usalama ya eneo husika, si ya nchi kwa jumla, na aulize tena siku chache kabla ya kuondoka, kwa kuwa barabara inaweza kufungwa ilhali uwanja wa ndege umefunguliwa. Pili, achague majira: mvua kubwa huanza Juni hadi Septemba, na wakati mzuri wa milimani ni Oktoba hadi Machi. Anayetaka kuona Timkat, sikukuu ya ubatizo, alenge Januari 19 mjini Gondar.

Tatu, kabla ya kulipa kampuni yoyote, aulize mlinzi, mpishi na mwenye nyumbu watalipwa kiasi gani, na nani atawakabidhi fedha hizo. Kampuni yenye jibu la wazi ndiyo ya kusafiri nayo. Isiyo na jibu inamchukua mgeni, na kumwacha mwenyeji asipone.